Kibuyu cha Koko Nasieku

Enzi zetu kule Kajiado, mlango ulikuwa wa kuzuia vumbi na mbuzi. Binadamu haukumhusu. Baba alipohamishwa kutoka Bungoma kuja kufundisha huko, mimi, Nekesa, nikiwa darasa la tatu, tulidhani tumepewa nyumba. Kumbe tulipewa chumba katika boma la watu wote. Jirani yetu, bibi wa Kimaasai tuliyemwita Koko Nasieku, aliingia kila asubuhi bila hodi, akaketi jikoni, akaanza salamu. Aliuliza hali ya Baba, ya watoto, ya nyanya yetu wa Bungoma ambaye hakuwahi kumwona, ya mvua ya huko. Ng'ombe hatukuwa nao, lakini aliwauliza hali pia. Siku moja alimaliza yote hayo ndipo akasema, "Na mwewe amebeba kuku yenu."

Sisi watoto ndio tuliochoka zaidi. Ukikutana na mzee ilikupasa uinamishe kichwa akiguse, na wazee walikuwa wengi mno. Unatumwa chumvi, unainama mara sita njiani, ukirudi mboga imeshaiva bila chumvi na Mama anakungoja na mwiko. Vijana wa leo nao wanainamisha vichwa, lakini wanaviinamishia simu.

Ila maziwa ya Koko, jamani. Alituletea kila siku katika kibuyu cha shanga, yakinuka moshi. Mwanzoni tuliyanywa tukiziba pua. Baada ya mwezi mmoja, chai isiyo na moshi ule hatukuitaka.

Sasa Mama, kwao chombo cha jirani hakirudi kitupu wala kichafu. Siku moja alichungulia ndani ya kibuyu, akaona weusi, akaona aibu. Alikisugua kwa sabuni na maji ya moto mara tatu, akakianika juani, akakijaza njugu. Mimi ndiye niliyekipeleka, tena kwa maringo.

Koko alikinusa. Akanusa tena. Akamwaga njugu kwenye shuka lake.

"Hii ilikuwa ya mama yangu," akasema. "Sasa imekufa."

Hatukujua kwamba kibuyu cha maziwa hakiguswi na sabuni. Husafishwa kwa kijinga cha moto, na weusi ule ndio usafi wenyewe.

Siku tatu Koko hakuja. Utulivu tuliokuwa tukiuomba tuliupata, na ulikuwa mbaya sana. Mama alilia jikoni, akamwambia Baba, "Nilikuwa na mtu mmoja tu huku, na nimemkosea. Nirudishe nyumbani." Mama akaanza kupanga nguo kwenye begi.

Siku ya nne Koko aliingia, bila hodi kama kawaida yake, kibuyu kipya kwapani na kijinga kikifuka mkononi. Akauliza hali ya ng'ombe wetu. Kisha akasema, "Mama Nekesa, keti. Mzee yako anafundisha watoto. Mimi nafundisha wewe." Wakatia kijinga kibuyuni, wakatikisa, wakasugua kwa mkia wa ng'ombe, wakakohoa mpaka machozi yakawatoka. Jioni Mama alirudisha nguo kabatini. Hatukuhama tena mpaka Baba alipostaafu.

Leo naishi Kitengela, ndani ya ukuta wenye waya za umeme. Jirani akitaka kuazima ngazi anaandika kwenye kikundi cha simu, nasi tunamjibu kwa vikatuni vya kucheka. Ukimtembelea mtu bila kumpigia simu kwanza, atadhani umeleta habari ya msiba. Tunajisifu kwamba hapa hakuna anayemsumbua mwenzake.

Wiki jana familia mpya ilihamia nyumba ya pili. Jumamosi mchana yule mama akaja kugonga geti langu, mtoto mgongoni, sahani iliyofunikwa mkononi. Nilikuwa nimechoka na wiki nzima. Nikamchungulia dirishani, nikapunguza sauti ya televisheni, nikangoja aondoke. Alisimama pale kitambo kirefu, halafu akaenda.