Komeo la Clive Thackray

Hebu mfikirie anavyofika. Ni saa moja asubuhi, Jumapili ya Novemba, na mvua yetu ya huku Yorkshire, isiyonyesha wala isiyokatika. Gari dogo la kijivu linarudi kinyumenyume hadi kwenye mlango wa jikoni wa ukumbi wa Skelbrough. Mlango wa gari unafunguka. Mguu mmoja unatoka, unangoja. Wa pili unatoka, nao unangoja. Halafu hakuna kinachotokea kwa muda mrefu, mpaka unaanza kujiuliza kama mwenye miguu amelala.

Hajalala. Anajipanga tu. Huyo ndiye Clive Thackray, miaka sabini na mitatu, magoti mawili yasiyoelewana, na kwenye kiti cha nyuma, ndani ya blanketi la mbwa aliyekufa zamani, ana bunduki moja.

Maureen, anayetupikia chai na kututilia nyama ya nguruwe ndani ya mikate, alichungulia dirishani.

"Unaingia leo, kipenzi, au tukuletee chai huko huko?"

"Nakuja. Usinisukume."

"Nani akusukume, kijana? Nikikusukuma tutaita gari la wagonjwa."

Clive alicheka kidogo, cheko la mtu anayeweka akiba ya pumzi. Akalitoa blanketi na mzigo wake, akaubeba mikononi kama mtoto aliyesinzia, akaingia.

Mara tatu kwa mwaka ukumbi ule hujaa meza, na juu ya meza hulazwa bunduki za vita vile vikubwa viwili. Usiogope, zote zimekufa. Mtutu umezibwa kwa chuma, mahali pa risasi pamejazwa, na kila moja ina cheti chake chenye namba na mhuri, kama marehemu yeyote mwenye ndugu wanaojali. Wanaokuja kuzitazama ni watu wa kawaida kabisa: mafundi bomba, walimu waliostaafu, na kuna mama mmoja muuza maua anayejua bunduki za Wajerumani kuliko Wajerumani wenyewe. Mtu anaokota, anageuza, anatafuta mwaka uliogongwa kwenye chuma, anasema "mm," anarudisha. Kuna siku nzima hupita kwa "mm."

Ila wafu hawa ni wa aina mbili. Zilizouawa zamani sisi tunaziita zinazocheza: hazipigi tena, lakini komeo, kile chuma cha kuingizia risasi, linainuka, linarudi nyuma, linakwenda mbele, na ukivuta kifyatulio kinalia. Zilizouawa siku hizi zimechomelewa kila kiungo. Hizo tunaziita zilizoganda. Sheria ilipobadilika, ilisema hivi: kama unayo inayocheza, kaa nayo. Lakini kuiuza hapana, na kuitoa zawadi hapana, hata kwa mwanao wa kumzaa, mpaka ichomelewe upya igande kama wenzake na ipate cheti kipya. Ukiona hayo ni mazito, polisi wataipokea na kuikata vipande bila kukuuliza mengi.

Clive alikuwa na bunduki kumi na mbili. Tangu mkewe Sheila afariki alikuwa akizipunguza, na kufikia majira ya joto kumi na moja zilikuwa zimeshapata nyumba. Tatu kati ya hizo zilikuwa zinacheza; aliziacha zichomelewe, akasaini, hakupepesa jicho. Ilibaki ile ya kwenye blanketi, nayo inacheza, ya mwaka elfu moja mia tisa arobaini na mbili, kitako chake kimeng'aa kwa mikono kuliko kwa mafuta. Na Jumatano ya wiki ileile Clive alikuwa anahamia kwenye makao ya wazee, chumba kimoja chenye dirisha la kuangalia maegesho. Msimamizi wa pale, mama mpole sana, alimwambia aje na picha, aje na redio, hata ndege wa kufuga angeruhusiwa. Bunduki hapana, hata iliyokufa.

Kwa hiyo ile ilikuwa Jumapili ya kuamua. Alitaka imwendee binti yake, Lorraine. Na Lorraine alikuwa ameshasema anaitaka jinsi ilivyo.

Meza yake iligusana na ya Barry Sugden, muuza kofia za chuma, ambaye pia ndiye fundi wetu wa kuchomelea, mwenye kibali na karakana. Barry alimtazama akiweka kibao chake mbele ya bunduki, kile cha HAIUZWI.

"Umelala?" Barry aliuliza.

"Nimelala chini. Usingizi ndio haukuja."

"Basi nisikilize, mzee mwenzangu. Leo mchana Lorraine akifika, mimi nitakwenda chooni. Kibofu changu kinajulikana ukumbi mzima. Nitakaa dakika kumi. Nikirudi, kama blanketi limehamia kwenye gari la mwanao, mimi naona kofia zangu tu."

"Wewe ndiye fundi mwenye kibali, Barry."

"Ndiyo maana nakwenda chooni."

Clive alitikisa kichwa. Lazima ujue huyu mtu alifanya kazi gani. Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye kibanda cha juu kando ya reli, akivuta vyuma virefu vinavyogeuza njia na kuinua ishara, na kila treni iliyopita aliiandika daftarini kwa dakika. Hakuna chuma alichokivuta kabla ya kengele ya kibanda kilichofuata kumjibu. Siku walipokifunga kibanda, walivipiga vile vyuma pingu visivutike tena, naye ndiye aliyewashikia taa.

"Treni haijali kama dereva ni mwanao," alimwambia Barry. "Njia ikiwa haijafunguliwa, haijafunguliwa."

"Haya. Basi kunywa chai yako, imeshapoa kabla hujafika."

Nakueleza kuhusu bunduki yenyewe sasa, maana bila hivyo utamwona Clive mkaidi wa bure. Haikuwa ya baba yake. Alijua hivyo na alikuwa wa kwanza kukuambia. Aliinunua kwenye ukumbi huuhuu kwa sababu ilikuwa ya aina na mwaka wa ile aliyobeba baba yake, Wilfred, huko Italia. Wilfred alirudi kutoka vitani akalima viazi na hakusema neno. Si kwa mkewe, si kwa mwanawe, si kwa wenzake wa baa. Uzeeni akili ikamtoka. Akaja kuishi kwa Clive, akawa hamjui hata Clive ni nani. Ndipo Jumapili moja Clive akamweka ile bunduki mapajani, kwa kubahatisha tu, kama unavyompa mgonjwa kitu cha kushika.

Mikono ya mzee ikaamka. Kidole gumba na cha shahada vilishika kifundo cha komeo, havikukiachia tena, na kifyatulio akakivuta kwa kidole cha kati, kama walivyofundishwa vijana wa wakati ule ili mkono usipoteze muda. Nyuma, mbele, klik. Nyuma, mbele, klik. Upesi hata macho ya Clive hayakufuata. Halafu akaacha, akatazama kando yake pasipokuwa na mtu, akasema, "Alf."

Basi. Neno moja, jina la mtu. Clive hakumjua Alf yeyote. Baba yake alikufa mwaka uliofuata, na tangu hapo, kila jioni, Clive alikaa kitandani akilicheza lile komeo kwa kidole cha kati, akisubiri labda mkono wake umwambie Alf alikuwa nani. Haukumwambia. Aliendelea hivyo hivyo, kama mtu anayepiga simu nyumba iliyohamwa.

Lorraine alifika saa sita, koti limelowa, akambusu baba yake utosini, akachukua mkate wa Maureen akala amesimama.

"Umeamua, baba?"

"Barry ataichukua leo. Ikiwa tayari utaletewa na cheti chake."

Lorraine aliacha kutafuna. "Tuliongea."

"Tuliongea, mwanangu. Lakini hatukukubaliana."

"Utanipa fimbo, baba. Fimbo ya chuma na mbao."

"Itakuwa na cheti."

"Sikuomba cheti!"

Muuza maua wa meza ya tatu alijifanya anasafisha miwani. Barry aliinuka, akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Jamani, kibofu," akaondoka.

Walibaki wawili, na bunduki katikati. Clive hakuwa na nguvu za kugombana. Alikaa tu, mikono juu ya magoti yake mabaya. Ndipo Lorraine alipoweka mkate chini, akafuta vidole kwenye koti, akaiinua bunduki. Kidole gumba na cha shahada kwenye kifundo. Cha kati kwenye kifyatulio. Nyuma, mbele, klik. Nyuma, mbele, klik. Ukumbi ukanyamaza kidogo kidogo, meza baada ya meza. Alifika kumi, akaacha.

"Nani amekufundisha hivyo?" Clive aliuliza.

"Babu."

"Babu yako hakumjua mtu."

"Alikuwa hajui jina langu. Lakini ulipokuwa zamu ya mchana nikitoka shule alikuwa ananionyesha kabatini, nimletee. Tulikuwa tunafanya kwa zamu. Kumi yeye, kumi mimi."

"Alikuwa anasema chochote?"

"Kila mara maneno yaleyale. Akimaliza kumi anageuka hivi, anasema, 'Alf, inama.' Halafu anangoja. Anangoja sana, baba. Halafu anasema, 'Basi, tena,' tunaanza upya."

"Hukuniambia."

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilidhani ni mchezo wetu. Nilipokua nikadhani unajua. Ulikuwa unafanya kila jioni, nilikuwa nakusikia kupitia ukuta."

Clive alinyoosha mkono, Lorraine akampa bunduki. Miaka ishirini na minane alikuwa akimngojea baba yake mlango wa mbele, na mzee alikuwa ameshatokea mlango wa nyuma, kwa mtoto. Sijui kama alifurahi au aliumia. Uso wake ulikuwa uleule wa asubuhi, wa mtu anayejipanga kushuka garini.

Barry alirudi. Dakika kumi zilikuwa zimetimia, na zaidi. Aliangalia meza, akaangalia blanketi, tupu, pale pale lilipokuwa. Akapumua.

"Bado ipo," alisema.

"Ipo," Clive alijibu.

"Baba," Lorraine alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Gari langu liko mlangoni. Unajua sitamwonyesha mtu. Hii ndiyo alama pekee tuliyo nayo ya Alf."

"Wakija kukukuta nayo?"

"Nani atakuja?"

"Siku ya kwanza hakuna anayekuja, mwanangu. Anakuja baada ya miaka, siku umeshasahau, na mimi sipo wa kusema ni kosa langu."

Alisimama, jambo ambalo kwake si dogo. Akaegemeza tumbo kwenye meza ili magoti yapumzike, akashika kifundo cha komeo. Nyuma, mbele, klik. Alihesabu kwa midomo. Hakufanya upesi kama baba yake wala kama binti yake. Alifanya kwa mwendo wake, mwendo wa mtu aliyechoka. Kumi. Akageuza kichwa kando, pale mzee alipokuwa akitazama, na kulikuwa na rundo la kofia za Barry tu. Akaifunga bunduki kwenye blanketi la mbwa, akampa Barry.

"Chomelea vizuri," alimwambia. "Usiniharibie mbao."

Lorraine alimsaidia kukunja meza, akambebea sanduku hadi garini, akamfunga mkanda. Kumbusu hakumbusu.

Hiyo ilikuwa Novemba. Mwezi wa tatu Barry aliipeleka mwenyewe nyumbani kwa Lorraine, na cheti kipya ndani ya bahasha. Kazi safi, kila mtu anasema; huoni hata pale moto ulipopita. Lorraine aliipokea, akashukuru, akamwandalia Barry chai. Na kila Jumapili humtembelea baba yake kwenye kile chumba cha dirisha la maegesho, humletea magazeti, humkata kucha. Huongea juu ya mvua na juu ya chakula cha pale, ambacho Clive anasema kimechoka kuliko yeye. Habari ya bunduki, kama iko ukutani au iko chini ya kitanda, Lorraine haisemi, na Clive haulizi.

Aliniuliza mimi. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia, tukakaa tukitazama magari yakiegeshwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye mkono wa kiti, kidole gumba na cha shahada vimeshikana bila kushika kitu, na cha kati kikijikunja, kikijikunjua.

"Niambie ukweli," alisema. "Siku ile, nilimpa au nilimnyang'anya?"

Nilimwambia nitalifikiria, nitakuja na jibu Jumapili nyingine. Jumapili zimepita nne, na kila nikifika mlangoni pake najikuta nazungumzia mvua. Wewe ungekuwa kwenye kiti changu, ungemjibu nini?