Sanduku la Selestini na Neno Lililobaki

Asifiwe Mungu, anayewalinda wanaovuka maji na wanaobaki ukingoni wakiwangoja. Yeye amenifikisha uzeeni nikiwa na akili yangu, na kwa akili hiyo nasema: haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, mchana, macho yangu yakiwa wazi. Mimi ni mtu wa rozari. Sijaenda kwa mganga hata siku moja, hata mtoto wangu alipougua. Niamini au usiniamini, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Bwana wangu aliitwa Selestini. Kwetu Kongo, katika mji wa migodi, watu walimjua kwa michezo ya jukwaani na kwa sinema chache alizocheza. Akipita sokoni, akina mama walimtukana kwa ajili ya mtu mbaya aliyemwiga jana yake. "We mwizi, rudisha mbuzi ya watu!" Naye aliinama akawaomba msamaha, soko zima likacheka. Hata nyumbani hakuacha kucheza. Alikuwa akibisha hodi kwa sauti ya kizee, akaingia akichechemea kama mgeni, nami nilimtambua kwa jambo moja tu: akingoja zamu yake ya kusema, alishika ncha ya sikio la kushoto kwa vidole viwili.

Kazi yangu ilikuwa kumpa maneno. Jioni tulikaa kwenye taa, mimi na karatasi, yeye mikono mitupu. Nilisoma maneno ya watu wengine wote, yeye akajibu ya kwake. Nimekuwa chifu, nimekuwa askari, nimekuwa mama mkwe, hata punda nimekuwa.

Ila neno la mwisho la mchezo waigizaji hawakulisema kamwe katika mazoezi. Hiyo ilikuwa desturi ya kundi lao. Wala halikuandikwa. Mwenye kulisema alilibeba kichwani mpaka siku watu watakapokaa mbele yake. "Ile ni ya watu," Selestini aliniambia. "Beko banakuya kuichukua," yaani wao ndio wanaokuja kulichukua. Kwa hiyo tulipofika kwenye swali la mwisho, mimi nilifunga karatasi, tukala.

Mchezo wake wa mwisho ulikuwa juu ya mwanamke anayewasha taa kila usiku, akimngoja bwana aliyekwenda mbali. Mwishoni bwana anarudi, na mwanamke anamwuliza: "Bwana, ulikawia wapi?" Jibu sikulijua. Kabla ya siku ya kucheza, vita ilitufikia, tukakimbilia ziwani.

Boti ilikuwa imejaa. Ilibaki nafasi ya mtu, au ya sanduku la bati lenye makaratasi yake yote. Nilimwambia aliache. Alicheka.

"Mama Julie, mimi niko mutu moja tu. Mule mu sanduku niko batu mingi. Enda nayo, mimi nakuya na boti ya nyuma."

Boti ya nyuma haikufika. Ziwa Mweru lilirudisha mbao, likarudisha na baadhi ya watu, yeye halikumrudisha. Sina kaburi la kupalilia. Tangu siku ile nilikuwa naweka taa ya sola dirishani, ikitazama maji, kila usiku. Usingizi wangu ulikuwa wa kuku, nikishtuka kwa kila mlango unaolia. Je, ungelala wewe, kama hujui unamngoja mtu au unamlilia?

Padri alinipa chumba kidogo nyuma ya sakristia niweke lile sanduku. Nilitia miguu ya meza ndani ya makopo ya majivu, mchwa wasipande. Nilipanga picha, matangazo ya michezo, na karatasi za maneno yake. Zote zilinuka chisense, dagaa wetu wa hapa, maana tulivuka sanduku likiwa chini ya magunia ya samaki. Siku Mwalimu Chisha alipofika kutoka Lusaka, kutoka nyumba inayohifadhi makaratasi ya wasanii, alipiga chafya hadi miwani ikamwanguka.

"Mwapoleni, bamayo," alinisalimu kwa heshima ya Kibemba. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: makaratasi yatakaa salama huko, vijana watayasoma, nitie sahihi tu, atarudi kuyachukua. Nilimwambia nitafikiri.

Wiki hiyo hiyo mtu mmoja alikuja.

Ilikuwa msimu wa kufunga uvuvi, ufukweni kimya, nyavu zimekunjwa. Mvua ya alasiri ilinyesha sana. Mlangoni mwa chumba cha sanduku akasimama mtu aliyevaa koti la plastiki la wavuvi. Uso wake sikuujua. Nilidhani ni mtu wa Mununga, kijiji cha wavuvi, aliyekimbia mvua. Aliketi kwenye benchi, maji yakamtiririka.

"Mama, uko na makaratasi ya ule mwenye kucheza?"

"Iko."

"Unipe maneno."

Nani mwingine duniani aliwahi kuniambia vile? Nilichukua karatasi ya juu, ule mchezo wa taa, nikasoma maneno ya mwanamke. Akajibu. Hakuwa na karatasi, na jibu lilikuwa lenyewe, neno kwa neno. Sauti ilikuwa ya mvuvi, ngumu, ya mtu mwingine kabisa. Nikasoma tena. Na alipongoja nimalize, vidole viwili vikapanda kwenye ncha ya sikio la kushoto.

Sikupiga kelele. Nilifanya ishara ya msalaba, naye hakuyeyuka, aliinamisha kichwa kama mtu aliye kanisani. Nikaendelea kusoma huku machozi yakidondoka kwenye karatasi.

Tukafika kwenye swali la mwisho. Nikafunga karatasi.

Desturi, utasema. Hapana. Nilijua moyoni kwamba nikimwuliza atajibu, na akijibu atakwenda. Alingoja, vidole sikioni. Alingoja sana. Kisha akainuka, akatoka mvuani. Mahali alipoketi palibaki maji yenye harufu ya ziwa, na hayakukauka mpaka asubuhi.

Alikuja tena. Kila mvua ya alasiri alikuja, na kila siku nilifunga karatasi palepale. Niliacha kwenda jumuiya ya sala. Niliacha kupika. Nilitazama mawingu kama msichana anayemngoja mchumba, na Mwalimu Chisha alipotuma ujumbe, nilikataa kutia sahihi.

Aliyenikamata ni Ferdinand, mpiga ngoma wa kundi lao zamani, ambaye sasa anauza samaki karibu na bandari. Alinikuta nimekaa mlangoni nikiangalia juu.

"Mama Julie, unapunguka. Karibu nikuanike na chisense zangu."

"Acha masihara, Ferdinand."

"Bon, niambie basi."

Nikamwambia yote. Nilingoja acheke, hakucheka. Alivua kofia.

"Na yeye anakuya kuomba nini?"

"Maneno."

"Na wewe unamunyima." Alitikisa kichwa. "Mama, mucheza-michezo kubaki na neno ya mwisho mu kinywa, iko kama mwanamuke kubaki na mimba. Unamutesa. Na ile neno haiko yako. Iko ya batu. Ita batu."

Nililia usiku kucha, sikufichi. Asubuhi nilikwenda kwa Padri. Alisikiliza, akasema anatoa Misa kwa ajili ya Selestini Jumapili, na baada ya Misa ukumbi ni wangu.

Watu walikuja kweli: wakimbizi kutoka makambini, wavuvi wa hapa wasioelewa hata nusu ya Kiswahili chetu, Mwalimu Chisha mbele na kitambaa puani. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilisoma maneno ya mwanamke, na Ferdinand akasoma ya bwana, vibaya sana, watu wakamcheka, hata mimi nikacheka. Tulipofika mwishoni karatasi yake ilikuwa tupu. Aliniangalia.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Pale alisimama mtu wa koti la plastiki, kama aliyejificha mvua. Vidole vyake vilikuwa sikioni.

Niliuliza.

"Bwana, ulikawia wapi?"

Akashusha mkono. Na safari hii sauti haikuwa ya mvuvi.

"Nimekwisha kufika, Mama. Zima taa, ulale."

Ferdinand akapiga benchi kwa viganja, pigo lile la kufunga mchezo. Watu wakashangilia. Nilipotazama tena, mlangoni palikuwa na mvua tu.

Baadaye nilimwuliza Ferdinand nani alimwambia kwamba mchezo umekwisha.

"Mimi napigaka ngoma nyuma ya neno ya mwisho. Nilishikia 'ulale' na masikio yangu. Wewe haukushikia?"

Wengine wanasema hawakusikia kitu, waliona tu mama mzee akinyamaza na Ferdinand akipiga benchi. Sibishani nao.

Nilitia sahihi siku hiyohiyo. Sanduku lilikwenda Lusaka na harufu yake. Usiku ule nilizima taa, nikalala mpaka kengele ya asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu nivuke maji. Sasa nalala kila usiku, namshukuru Mungu. Lakini mvua ya alasiri ikianza, bado nainua kichwa. Wakati mwingine nasema maneno ya yule mwanamke polepole, hapo kwenye benchi, nikanyamaza pale ambapo yeye angejibu. Hajibu. Nami swali lile la mwisho siliulizi tena, kwa kuwa jibu lake ninalo.

Basi nakuonya, wewe uliyefiwa. Mtu wako akikujia kuomba kilicho chake, usimfunge kwa upweke wako. Usikae naye peke yako chumbani, ukamfanya afungwe pamoja nawe. Mpeleke mbele ya Mungu, mbele ya watu, umpe, ingawa utalia.

Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, Bwana akupe mtu wa kukuwashia taa uwapo safarini, na akufikishe kabla hajachoka kungoja.