Niliomba kuwa Bwana DC kwenye igizo la chuo Njombe, kaptula ikaniponza

Wakuu, kamwene.

Hii siyo chai. Kama kuna mtu humu alikuwepo siku ile Njombe, aje anikanushe, ila aanze kwa kusema alikaa upande gani.

Mimi shule niliishia la saba, na hilo la saba lenyewe tulivutana. Lakini njoo Makambako uulizie mwenye mbao. Utaonyeshwa yadi, utaonyeshwa malori, na kama una bahati utanikuta mwenyewe getini. Nilianza na msumeno wa kuazima. Leo wenye digrii wananiita bosi. Niishie hapo, nisije nikaonekana najisifu.

Binti yangu Faraja anasoma chuo kimoja pale Njombe, mambo ya sanaa. Kila mwaka wana msimu wao: picha zinatundikwa, bendi na kwaya zinapiga, maigizo yanachezwa. Mwaka wake wa mwisho alitakiwa atoe igizo lake mwenyewe, walimu wamekaa mbele wanatoa maksi. Likikwama, anarudia mwaka.

La kwake lilikuwa la enzi za Mwingereza. Wanaume wa huku wamekosa kodi ya kichwa, wanapakiwa kwenye lori kwenda Tanga kukata mkonge. Manamba. Babu zetu wengi walipita humo.

Akaja kuniomba lori langu la kwanza, lile kuukuu. Nikamwambia lori lipo, na mbao za jukwaa natoa, ila mwenye mali naye apewe nafasi. Humo mkubwa ni nani?

"Bwana Shauri, baba. Ndiye DC."

"Basi ndiye mimi."

"Baba, DC anaongea maneno machache."

"Kwani mimi naongea mengi?"

Akamtazama mama yake. Mama yake akatazama dirishani.

Kazi ya DC ni rahisi. Unakaa mezani, jumbe analeta watu, unasema "Tanga!", wanapanda lori. Mwishoni anakuja mama mmoja na kapu la ulezi, anaomba upokee ulezi badala ya kodi, mumewe aachwe. Hapo DC anatoka mezani, anakuja mbele kabisa, anapiga teke kapu. Ulezi unamwagika, lori linaondoka. Igizo zima limeegemea hapo.

Rehearsal zote nilifanya na suruali yangu. Sare sikuulizia.

Siku yenyewe naletewa kofia ngumu nyeupe, soksi za magotini, na kaptula. Kaptula, wakuu, na baridi ile ya Njombe! Nikavaa. Nikajitazama kwenye kioo cha lori, nikasema huyu mzungu kashiba.

Napanda jukwaani pale uwanjani jirani na soko, watu wa sokoni wananishangilia. "Bwana DC, mbao leo bei gani?" Nikakaa kwa madaha. Nikainua macho.

Benchi la mbele, pembeni ya walimu, mama mkwe wangu.

Mke wangu alikuwa amemleta kimya kimya kutoka Kichiwa, pamoja na akina mama wenzake, wamejifunga vitenge vyao vizuri, waje kumwona mjukuu.

Kwa wasiojua, kwetu sisi mama mkwe ni mtu wa kukwepwa. Tangu nioe sijawahi kula mbele yake. Tukiongea, maneno yanapitia kwa mke wangu hata tukiwa sebule moja. Kwake naenda na koti hata jua likiwaka. Na wale wenzake wote, kimila, ni wakwe zangu vilevile. Sasa nimekaa mbele yao magoti nje kama mtoto wa chekechea.

Nikavuta kiti mpaka meza ikanigusa kifuani. "Tanga! Tanga!" Hapo nilikwenda vizuri. Akaja yule mama na kapu lake.

Jumbe alikuwa kijana wa kijiji cha Yakobi, anaitwa Obedi. Akasema, "Bwana Shauri, mama huyu anakusubiri mbele."

"Namwona. Asogee."

Akasogea.

"Asogee tena."

Akafika mpaka mezani, hana tena pa kusogea.

"Jumbe, lipige teke hilo kapu."

"Mimi, Bwana? Mimi jumbe tu. Serikali ni wewe."

Uwanja ukalipuka. Mmoja huko nyuma akapaza sauti, "Mzungu kagandia kwenye kiti!"

Mimi sikucheka. Pembeni ya pazia nilimwona Faraja amejishika kichwa. Mwalimu mmoja ameshaweka kalamu chini. Mwaka mzima wa mwanangu ulikuwa unaishia kwenye magoti yangu.

Mama mkwe akasimama. Taratibu, mkono kiunoni. Akageuka, akanipa mgongo, akamwambia mke wangu kwa sauti ya kufika sokoni:

"Mwambie huyo mzungu simwoni. Afanye kazi ya mjukuu wangu."

Wenzake nao wakainuka, mmoja mmoja, wakageuka. Benchi zima.

Nikatoka. Mbele yangu migongo mitupu ya vitenge, na yule mama na kapu lake katikati. Nikapiga teke. Ulezi ulisikika ukitawanyika juu ya mbao. Hakucheka mtu. Na mimi, na mdomo wangu wote huu, nilijisikia mdogo. Lori likawashwa.

Walimu walisimama kupiga makofi. Mmoja akamuuliza Faraja wazo la wanawake kuipa serikali mgongo alilitoa wapi.

"Nyumbani, mwalimu."

Kapata A.

Kurudi na lori lile, mama mkwe alikaa mbele na dereva na mke wangu. Mimi, suruali mwilini, nilipanda nyuma na wale manamba. Nikasikia kupitia kidirisha:

"Muulize, kapu alilipiga?"

"Mwambie nililipiga."

"Ulezi ulimwagika?"

"Mwambie ulimwagika wote."

"Basi mwambie arudi akauokote. Ule ulezi Faraja aliuazima kwangu."

Nilichojifunza, wakuu: ukitaka cheo, ulizia kwanza sare yake.

Wenye wakwe mje mseme yenu. Faraja anadai ana picha ya ile kaptula, msimwamini. Nitajibu taratibu, bado natoa mchanga kwenye ulezi.