Bi Kulsumu, Kiraka na Mkasi Uliotiliwa Shaka

Bi Kulsumu binti Abdala hakuwahi kumgusa mbwa maisha yake yote, na katika kijiji cha Juhudi ndiye mtu pekee ambaye mbwa alimsikiliza. Ukitaka kujua mambo hayo mawili yanakaaje ndani ya mtu mmoja, itabidi turudi mwaka 1974, siku lori la Operesheni Vijiji lilipommwaga mama huyu na cherehani yake kando ya barabara ya Chala, mahali palipokuwa na nyasi, upepo na vigingi.

Vigingi vilikuwa na namba. Kila kaya ikapewa kigingi chake na kuambiwa hapo ndipo maendeleo yatakapoanzia. Bi Kulsumu alikuwa mzaliwa wa Sumbawanga mjini, mjane wa muuza vitambaa, na mumewe alikuwa amemwachia vitu vitatu: cherehani ya miguu, mkasi mweusi wa chuma, na tabia ya kuuliza maswali ambayo marehemu mwenyewe ilimchosha sana.

Nyuma ya lori alikuja mbwa, mweupe, ana baka la kahawia kwenye jicho moja, amekimbia njia nzima kutoka kitongoji cha zamani ulimi nje. Hakuna aliyemdai. Hakuwa na kigingi wala namba, kwa hiyo kimpango hakuwepo. Akaenda kulala barazani kwa fundi cherehani, naye akamwita Kiraka.

Sasa, Bi Kulsumu alikuwa mtu wa sala tano. Pua ya mbwa yenye majimaji ikigusa nguo yake, ni kuosha mara saba, moja kwa udongo, na kisima cha Juhudi kilikuwa bondeni, mwendo wa kuimba kaswida nzima na kuirudia. Kumpapasa mbwa hakuwezekani. Kumpiga nako kunataka umsogelee, na yeye miguu iko kwenye cherehani kutwa nzima anashona kaptura za shule. Akabaki na njia moja tu ya kuzungumza na mnyama yule: kumrushia vichwa vya samaki wakavu wa Kirando akiwa amekaa palepale.

Alikuwa na desturi. Akimaliza mshono, anakata uzi kwa mkasi, kcha! Halafu anamega samaki, anakula mwili, kichwa anarusha. Baada ya siku kama tisa hivi akaona jambo. Mkasi ulipolia, Kiraka aliinuka kabla samaki hajatoka kwenye karatasi.

Mtu mwingine angesema, "Mbwa ana njaa," akaendelea na kaptura. Bi Kulsumu alisimamisha cherehani.

Anasikia samaki, au anasikia mkasi? Akapiga mkasi bila samaki: Kiraka akainuka. Akatoa samaki bila mkasi: Kiraka akamtazama tu, kama mtu aliyeitwa kwa jina la jirani. Akajaribu mkasi mdogo wa vifungo. Wapi. Kesho yake akajaribu jambo jingine: akangoja Kiraka akae kitako kwa hiari yake, na papo hapo, kcha, kichwa cha samaki. Kufika adhuhuri Kiraka alikuwa anakaa kitako kila baada ya dakika mbili, anamkodolea macho.

Hapo ndipo swali lilipomnyima raha. Je, yeye ndiye amemfundisha mbwa kukaa, au mbwa amemfundisha yeye kupiga mkasi? Ukiutazama ushahidi bila upendeleo, anayefanya kazi alikuwa Bi Kulsumu, na anayekula vichwa alikuwa Kiraka. Vyuo vikuu vinaweka watu kwa miaka saba kulichunguza swali kama hilo, na wanatoka nalo likiwa zima.

Mbwa wengine wa Juhudi walikuwa na elimu yao. Walijua mkono wa mtu ni kitu cha kurushia mawe, na kwamba ukiitwa kwa upole kuna fimbo mgongoni. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Wilibrodi, alikuwa na dume kubwa jekundu aliloliita Azimio, kwa uzalendo. Jioni ungesikia Mwenyekiti akipiga kelele, "Azimio! Azimio, rudi hapa!" na Azimio huyo anakata mtaro kwenda zake, na wananchi wanatazama chini wasionekane meno.

Mwaka uliofuata, baada ya mvua kwisha, ikaja habari ambayo haikuwa ya kuchekesha. Mbwa mwenye kichaa alimuuma mtoto katika kijiji cha pili, na mtoto akafa. Bwana Mifugo wa wilaya, Anyosisye, Mnyakyusa mrefu mwenye sweta mbili, akaja na tangazo. Alhamisi ya wiki ya tatu mbwa wote waletwe uwanja wa mpira. Mwenye mbwa amshike mbwa wake, achomwe sindano. Mbwa asiyeshikika hana mwenyewe, na mgambo atakuwepo na bunduki.

Bi Kulsumu alisikiliza huku amekunja mikono kifuani. Usiku hakulala vizuri. Asubuhi akavuka kwenda kwa jirani yake Fransiska, mpika pombe, adui mkuu wa Kiraka kwa sababu ya machicha yaliyokuwa yakipungua kwenye jamvi.

"Jirani, naomba mkono wako."

"Wa kazi gani?"

"Wa kumshika Kiraka. Azoee kuguswa na mtu baki. Wangu una udhu."

"Na wangu una vidole vitano, Bi Kulsumu. Navipenda vyote."

"Hakuumi. Unakaa mbali leo, kesho unasogea kidogo, hivyohivyo."

"Mwizi yule? Acha wampige risasi, machicha yangu yapone."

Bi Kulsumu akamtajia kwamba gauni lake la kanisani bado halijakatwa, na Fransiska akaja kukaa barazani.

Siku ya kwanza alikaa hatua sita mbali. Kiraka akimtazama bila kurudi nyuma, kcha, samaki. Siku ya tatu alikuwa hatua mbili. Siku ya tano alinyoosha mkono, Kiraka akaruka huku na Fransiska akaruka kule, na baraza ikabaki na Bi Kulsumu peke yake akiwa na mkasi hewani.

"Mkono wako unakuja kama wa mtu anayeokota jiwe," alisema. "Ulete kama unaonja chumvi ya mboga."

Siku ya sita mkono ukaja taratibu, ukatua shingoni. Kcha! Kiraka akapata kichwa cha samaki. Fransiska naye akawekewa andazi juu ya goti.

Alilitafuna nusu, akaacha kutafuna. "Bi Kulsumu! Mbona kama na mimi umenipigia mkasi?"

"Leo umekuja vizuri."

"Mimi si mbwa!"

"Basi rudisha andazi."

"Andazi haliingii kwenye mazungumzo haya."

Wiki ya pili walifika kwenye kubana ngozi ya shingo, kisha kuigusa kwa sindano butu ya cherehani. Kiraka alisimama kama askari wa gwaride, macho kwenye mkasi.

Tatizo ni kwamba baraza ile ilitazamana na njia ya kisimani. Watu walipita, wakaona mbwa anatii chuma. Na huku kwetu, mvua ikichelewa, kuna mtu kaifunga. Mvua ikiwahi, kuna mtu pia. Kufika Jumatano, siku moja kabla ya sindano, kamati ya kijiji ilikuwa imekaa kikao cha dharura na kutoka na azimio, la karatasi. Mwenyekiti Wilibrodi akaja kulitekeleza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Ndugu Mwenyekiti. Karibu ukae."

"Tuko kikazi. Kuna taarifa kuhusu mkasi."

"Mkasi umefanya nini?"

"Hilo ndilo wilaya itakalotuambia." Akauondoa kwenye msumari wake kwa kitambaa, bila kuugusa kwa vidole, akauviringisha mara tatu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, akaandika stakabadhi: *Mkasi mmoja, mweusi, unaotiliwa shaka.*

Jioni nzima Bi Kulsumu alijaribu sauti nyingine. Akagonga kijiko kwenye kikombe. Akapiga ulimi. Akafunga na kufungua kopo la vifungo. Kiraka aliinamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule, halafu akageuka kutazama msumari ambao mkasi ulikuwa ukining'inia. Alikuwa amejifunza neno moja tu la lugha ya watu, na serikali ya kijiji ilikuwa imelichukua.

Alhamisi uwanja wa mpira ulijaa kamba, vumbi na matusi ya Kifipa. Mbwa walikuja wakiburuzwa, na wengine waliwaburuza wenyewe. Mtu mmoja aliumwa kiganja, mwingine alimbana mbwa kwa magoti akajifunga yeye kamba. Mwenyekiti Wilibrodi alitangulia kwa mfano, kamba ameizungusha mkononi, na Azimio alipoiona sindano akaondoka na kamba, na Mwenyekiti akamfuata kwa tumbo mpaka kwenye goli. Kamba ikakatika hapo. Azimio akapanda kilima.

"Waliokimbia tunawarudia Jumatatu," alisema Anyosisye, akiandika. "Anayefuata!"

Bi Kulsumu alikuwa amesimama. Kiraka alikuwa amemfuata bila kamba, hatua kumi na tano nyuma yake, mkia chini kwa sababu ya kelele.

"Mshike, mama."

"Simshiki. Nina udhu."

"Mimi nitamshika!" Fransiska akajitokeza, mkono mbele, kama anaonja chumvi. Lakini watu walikuwa wanapiga mbinja, na Kiraka akarudi nyuma hatua tatu. Akarudi tena mbili.

Anyosisye akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemwona yule mtoto wa kijiji cha pili. "Samahani, mama. Hashikiki." Akamwashiria mgambo, na mgambo akavuta komeo la bunduki.

Bi Kulsumu hakumtazama mgambo. Alimgeukia Mwenyekiti, aliyekuwa anajipangusa majani tumboni.

"Ndugu Mwenyekiti, mkasi wangu uko wapi?"

"Uko salama." Akagusa mfuko wa koti. "Ni kielelezo. Siwezi kumpa mtuhumiwa."

"Usinipe. Upige wewe."

"Mimi?"

"Mara moja tu."

Mbinja zikakatika. Hata mbwa walionekana kutaka kujua. Anyosisye akainua macho kutoka kwenye fomu. "Mkasi una nini, Mwenyekiti?"

"Kuna... kuna maneno ya watu."

"Maneno ya uchawi? Wewe unaamini uchawi?"

Wilibrodi alitazama umati, akatazama kofia ya mgambo, akatazama mawingu. "Chama hakiamini," alisema.

"Basi piga, tuendelee na kazi."

Mwenyekiti akaufungua ule mviringo wa kitambaa. Akanyoosha mkono mbali na mwili kadiri ulivyofika, akageuza uso, akafumba macho yote mawili.

Kcha.

Kiraka alikuja kwa mwendo wa matembezi, mkia umepanda, akapita katikati ya miguu ya watu, akasimama mbele ya Mwenyekiti wa kijiji. Anyosisye hakungoja aelezwe. Akapiga magoti, akabana ngozi ya shingo, akachoma. Kiraka alipepesa jicho lenye baka, basi.

"Mlipe!" alisema Bi Kulsumu.

"Nimlipe?"

"Umempigia mkasi, unadaiwa. Shika." Akamdondoshea kichwa cha samaki kiganjani. Kiraka akakichukua polepole, kisha, kwa kuwa chumvi ilibaki, akavilamba vidole vya Mwenyekiti kimoja baada ya kingine. Wilibrodi alifumbua macho. Alikitazama kiganja chake muda mrefu, kama kimerudi kutoka safari.

Fomu ya wilaya ilikuwa na mstari usemao *Jina la aliyemshika mbwa.* Anyosisye akajikuna sikio kwa kalamu, akaandika: *Hakushikwa. Alisimama.* Nasikia wilayani walimrudishia karatasi hiyo mara mbili, maana kwa mpango wao mbwa asiyeshikwa alitakiwa awe amekufa.

Mkasi haukurudi siku ile. Ijumaa nzima, na Jumamosi mpaka saa nane, watu waliokuwa mashambani walisikia kcha, kcha, kcha kutoka kilimani. Kisha Mwenyekiti akaonekana barazani kwa fundi cherehani, koti limejaa mbigiri.

"Mama, mkasi umeishiwa nguvu. Kila nikipiga Azimio anazidi kwenda."

"Umempa nini?"

"Nimempa amri."

"Na siku ile ya mwisho alipokuja mwenyewe ulipomwita, ulimpa nini?"

Wilibrodi alifikiri. Kwa kweli alifikiri, unaweza kumsifu kwa hilo. "Mpini wa jembe," alisema.

Bi Kulsumu akamsogezea mkeka na karatasi ya vichwa vya samaki, akarudi kwenye cherehani. Alasiri yote Mwenyekiti wa kijiji alikaa chini, anarusha kichwa kimoja kimoja kwenye nyasi, mbali, kisha karibu kidogo. Fransiska aliyekuwa anaanika machicha yake aliacha kuanika, akaketi kutazama.

Karibu na alasiri kuisha, kitu chekundu kikatokea kwenye majani. Kikala cha mbali. Kikangoja. Kikala cha katikati.

"Sasa nipige?" alinong'ona Wilibrodi.

"Bado."

"Anasogea, mama."

"Naona. Mkono wako uko wapi?"

Alikuwa ameuinua bila kujua, kama anaokota jiwe. Akaushusha mpaka chini, kiganja juu. Azimio akanusa hewa, akaja hatua moja, akaja nyingine, akakaa kitako, na Mwenyekiti akageuza kichwa kumtazama fundi, machozi ya upepo au ya kitu kingine yakimlenga.

"Haya, sasa," alisema Bi Kulsumu.

Kcha.

Jumatatu, kwenye fomu, chini ya Azimio, Anyosisye aliandika maneno yaleyale mawili. Na Fransiska, ambaye alikuwa amemsaidia Mwenyekiti kumzoeza mbwa wake Jumapili nzima baada ya misa, alidai andazi lake.