Mtamba wa Timu Katika Zizi la Tata

Mpira wetu ulinuka samli. Nikiwaambia wajukuu wangu wanacheka, maana mpira wanaoujua wao unanuka plastiki ya dukani. Ule wa utoto wangu ulikuwa wa ngozi kweli, wa vipande vilivyoshonwa, na mdomo wake ulifungwa kwa kamba kama kiatu. Ngozi ile isipopakwa mafuta ilipasuka kama kisigino wakati wa kiangazi, na kazi ya kuipaka ilikuwa yangu. Mama alinipa samli iliyokwisha kuchacha, ile isiyofaa tena kuunga mboga, nami nilikaa mlangoni jioni, mpira mapajani, nikausugua mpaka ukang'aa, na harufu ile nililala nayo. Ukilowa mvua ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, na aliyeupiga kichwa alikaa chini kwanza kabla ya kukumbuka jina lake. Lakini ndio mpira pekee uliokuwepo kijijini kwetu, huku upande wa Manchira, zamani kabla ya bwawa kujengwa. Ulilala nyumbani kwetu kwa sababu kaka yangu Mwita ndiye aliyekuwa nahodha. Mimi Nyangi, mtoto wa kike wa darasa la pili, nilikuwa mtunza mpira. Hakuna aliyenipa cheo hicho. Nilijipa mwenyewe, na ungeugusa bila kuniuliza ungenijua.

Timu yao iliitwa Radi. Walikuwa vijana kumi na mmoja kamili, hakuna wa akiba, mmoja akiugua wanacheza kumi. Walicheza peku. Fulana zao walizichemsha na magome ya mti zikawa rangi ya kutu, na jasho likiwatoka rangi iliwachuruzika mpaka kiunoni. Uwanja ulikuwa sehemu ya malisho, kwa hiyo kabla ya mazoezi walianza kwa kuzoa mavi ya ng'ombe, na nguzo za goli zililiwa na mchwa kila baada ya mvua wakakata nyingine. Mtu akikuambia zamani timu zilikuwa na raha, huyo hakuwepo. Zilikuwa na njaa. Ila siku ya mechi hakuna aliyebaki nyumbani, hata wazee waliosema mpira ni mchezo wa watu wasio na mifugo walikuja, wakasimama mbali kidogo wakijifanya wanapita.

Basi mwaka ule mfugaji mmoja mwenye mali, kule Issenye, akatoa mtamba awe zawadi ya mashindano. Radi wakaenda kwa miguu, wakalala njiani, wakacheza siku mbili. Mimi sikwenda. Nilichokiona ni kurudi kwao. Kwanza nilisikia pembe ikipulizwa ng'ambo ya mto, halafu nyimbo, halafu nikaona mtamba mwekundu mwenye doa jeupe pajani anatembea mbele yao, shingoni kavishwa majani kama bibi harusi, na Mwita nyuma yake anachechemea huku anacheka. Wakampa jina la Kombe, kwa sababu kombe lenyewe hawakupewa, walipewa yeye.

Usiku ule wengine walitaka achinjwe. Aliyekataa ni Chacha, golikipa, kijana mrefu mwenye mdomo mkali. Akasema, "Mura, tukimla leo, kesho tutavaa mifupa?" Mura ndivyo tunavyomwita kijana kwetu. Wakakubaliana afugwe. Akizaa, ndama wa kwanza auzwe, wapate mpira mpya na njumu, waingie mashindano ya wilaya kama watu. Lakini kijana wa kwetu ambaye hajaoa hana zizi, ng'ombe wake hukaa katika zizi la baba yake. Kwa hiyo Kombe akaletwa kwa baba yetu, ambaye tulimwita Tata. Hakuna kilichoandikwa. Tata alimshika Kombe mgongoni mbele yao wote akasema, "Huyu ni mgeni wangu. Maziwa yake nitakunywa, yeye mwenyewe ataondoka siku mtakayomtaka." Wote wakaridhika. Kamba yake nikapewa mimi, na sasa nilikuwa na vitu viwili vya timu mikononi, nikawa sitembei tena, narusha miguu tu.

Mwaka uliofuata ndigana ikapita kwenye mifugo. Ng'ombe wa Tata waliinama vichwa, wakatokwa povu, wakaanguka. Asubuhi tulikuwa tunaamka na kuanza kuchuna. Kombe hakuguswa, na alikuwa na mimba. Na katika mwaka huohuo mbaya ndipo Mwita alipompata Wankuru, msichana wa upande wa Tarime, na wakwe wakatuma habari kwamba wanakuja kuangalia ng'ombe wa mahari. Desturi yetu ni hiyo. Mkwe hapelekewi ng'ombe aliyechaguliwa na mtoaji. Anakuja mwenyewe na wenzake, anaingia zizini na fimbo, anatazama meno, anatazama kwato, na yule anayemgusa kwa fimbo ndiye wake.

Walikuja wazee watatu. Nilikuwa nimesimama na kamba ya Kombe, sikuwa na akili ya kumtoa mapema nikampeleke malishoni, na hakuna mkubwa aliyeniambia nimtoe. Nadhani Tata aliona aibu, zizi bila Kombe lingeonekana tupu zaidi. Mzee mmoja wao, mwenye pengo mbele, akageuka huku na huku akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Mzee mwenzangu, tuonyeshe sasa zizi lenyewe. Hapa si ndipo mnapofunga mbuzi?" Wenzake wakacheka. Tata akacheka pia, lakini nilimwona shingo inavyovimba. Wakagusa mmoja, wakagusa wa pili, waliobaki walikuwa wamekonda. Fimbo ikaja kusimama hewani juu ya mgongo wa Kombe. "Na huyu?"

Tata akamtazama Mwita. Mwita akatazama chini. Yule mzee alipoona wakubwa wamenyamaza akainama kwangu. "We binti, huyu mwekundu wa nani?"

Nikasema, "Wa Tata!"

Nilisema kwa nguvu, kidevu juu. Nilijua si wake, hilo nisimdanganye mtu. Nilikuwa nimeudhika kwa ajili ya yale maneno ya mbuzi. Nilitaka yule mwenye pengo afunge mdomo, na kweli akaufunga. Akamgusa Kombe. Baada ya hapo lingesemwa nini? Mwanamume hawezi kusimama mbele ya wakwe, ndani ya zizi lake, akasema mwanangu amewadanganya, hata huyo mmoja mzuri si wangu. Siku ya tatu Kombe akaswagwa kwenda Tarime na mimba yake, na mimi nikakimbia nyuma yao mpaka mtoni nikarudishwa kwa kiboko.

Timu ilijua siku ya mazoezi. Walikuja nyumbani wote, bado na vumbi la uwanjani, wakasimama uani wala hawakukaa. Wankuru, bibi harusi mwenyewe, alikuwa na siku chache tu kwetu, akatoka jikoni na ugali akaweka mbele yao akapiga goti, hajui lolote. Hakuna aliyenyoosha mkono. Chacha akamwambia Mwita, "Nahodha, umeoa kwa miguu yetu ishirini na miwili." Mmoja akasema twende Tarime tukamchukue ng'ombe wetu. Chacha akamwangalia Wankuru pale chini na sinia lake, akasema, "Tukimchukua Kombe, na huyu anarudi. Utamwambia wewe?"

Tata akatoka, kofia mkononi. Mtu mzima yule, sikuwahi kumwona akivua kofia mbele ya vijana. Akasema, "Wanangu, nimekosa. Nyangi huyu akiolewa, ng'ombe wa kwanza kuingia hapa ni wa timu." Wote wakageuka kunitazama, na mimi nimesimama na mpira, mikono imejaa samli.

Chacha akacheka kicheko kibaya. "Mzee, huyu bado anang'oka meno ya utoto. Tumsubiri na mpira gani?"

Tangu siku hiyo sikuweza kuupaka ule mpira. Nikiushika niliona macho yao. Niliuacha pembeni ya kuni, na masika yalipofika ukapasuka kwenye mshono, ukawa mdomo wazi. Chacha akavuka kwenda Kenya kutafuta kazi. Mwingine akaoa, mwingine akahama na mifugo. Mchwa wakala nguzo na safari hii hakuna aliyekata nyingine, na mtu mmoja akalima mtama katikati ya uwanja, tukamwangalia tu. Mwita hakuwahi kumwambia mtu kwamba neno lile lilitoka kinywani mwangu. Walimwita mwizi wa ng'ombe wa timu mpaka amezeeka, mpaka tumemzika, na mimi nilikaa msibani kimya. Nilipoolewa, ng'ombe walipoingia, Tata alisimama mlangoni mwa zizi akauliza, "Timu iko wapi?" Hakukuwa na timu ya kumjibu.

Nayasema haya kwa sababu ya mjukuu wangu Rhobi. Anachezea timu ya wasichana hapa Mugumu, ni nahodha pia, na mguu wake wa kushoto ni wa Mwita mtupu. Timu yao inakufa kama ile ilivyokufa, ila kwa ugonjwa mwingine. Uwanja umepimwa viwanja vya nyumba, vigingi viko mpaka ndani ya goli. Beki wao kaolewa, mwingine anauza dukani Tarime, golikipa kaenda kwenye machimbo ya dhahabu. Na watu wa kuwaangalia hawapo. Wamejazana kwenye kibanda cha televisheni wanalipa kiingilio, wanapigana ngumi kwa ajili ya timu za Ulaya ambazo hazijui kama Mugumu ipo, na vijana wanatazama simu zao kuona mkeka wa kubeti umechanika wapi. Mabinti zao wanacheza hatua mia kutoka hapo, anayewaangalia ni punda. Rhobi alikuja kwangu akiwa na viatu mkononi akasema, "Shikamoo Bibi. Tunajitoa kwenye ligi. Hatuna nauli, hatuna mpira." Hakuomba kitu. Alikuja kukaa tu.

Nikamwambia yote, mpaka lile neno. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuambiwa. Kisha nikamshika mkono nikampeleka zizini nikamwonyesha mtamba wangu mwenye mimba. "Huyu ni wenu. Ni wa Radi, kachelewa njiani." Akataka kujua kama wanaweza kumuuza kesho yake. Nikamwambia, "Ukimuuza mtavaa jezi msimu mmoja. Msubiri azae." Akacheka, "Sasa tutamfugia wapi Bibi, chumba chenyewe nimepanga?" Basi akabaki katika zizi langu. Hapo nilijua nimerudi palepale. Nikawakusanya wote wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo, nikawauliza mmoja mmoja huyu wa nani, wakajibu wa timu.

Wiki iliyopita wakaja wageni kutoka Tarime. Mwanangu anaoza mtoto wake wa kiume, na ng'ombe wa mahari ni hawa wa zizi langu. Wakaingia na fimbo kama kawaida, wakatazama meno, na fimbo ikasimama juu ya yule mtamba. Mwanangu akatazama pembeni. Kijukuu changu cha miaka mitano, ambacho kinaringa kama nilivyoringa mimi, hakikungoja hata kuulizwa. Kikasema, kidevu juu, "Huyo mzuri ni wa Bibi!"

Fimbo ikagusa.

Nikasema, "Mtoto kakosea. Huyo si wangu. Ni wa wasichana wa mpira." Wageni wakatazamana. Mkubwa wao akauliza, taratibu, kama anazungumza na mgonjwa, "Mama, ng'ombe wa mpira?" Nikasema ndiyo, wa mpira, na kama hawatosheki na waliobaki waseme. Walikunywa soda wakaondoka, wakaahidi kutuma neno, na neno halijaja. Mwanangu hasemi na mimi. Shikamoo yake ananipa akiwa anapita, uso kaugeuzia barabarani. Bwana harusi mtarajiwa anashinda kijiweni kwenye bodaboda yake, na akimwona Rhobi anatema mate chini.

Kwa hiyo msidhani nimeponya kitu. Kaka yangu hawezi kusikia. Tata alikuwa na vijana kumi na mmoja walio tayari kutembea siku mbili mpaka Issenye, akashindwa kusema neno moja wakabaki bila ng'ombe. Mimi nimelisema, na ng'ombe yupo, tumbo limeshuka, wiki hizi hizi atazaa. Juzi Jumamosi nilijikongoja na fimbo yangu mpaka kule kwenye vigingi nikawaangalie mazoezini. Nilihesabu mara mbili. Walikuwa sita.