Shati Nililolifua Bila Kuulizwa

Watu wakisikia kwamba miaka ile ya hamsini nilikwenda kuwinda na mzungu, huniuliza habari za bunduki. Sikushika bunduki hata siku moja. Mimi nilikuwa mtu wa nguo. Wenzangu walibeba mikuki, hema na vyungu. Mimi nilibeba pasi ya makaa, beseni la bati, kamba na miche ya sabuni. Ukinicheka kwa hilo, basi hujawahi kukaa wiki tano porini ukijinusa mwenyewe.

Bwana wangu alikuwa mnunuzi wa pamba pale Baraka. Kila kiangazi, nyasi zikishachomwa, alifunga ghala lake, akapanda na gari hadi Fizi, kisha tukashuka kwa miguu upande wa pili, kwenye bonde la Luama, kutafuta mbogo. Alitaka kila asubuhi avae shati safi lililopigwa pasi, huko huko kwenye vumbi na majivu. Na alilipata.

Kila uchafu wa kambini una njia yake. Masizi ya nyasi hayasuguliwi. Unayakung'uta kwanza nguo ikiwa kavu, ukikimbilia maji yanazama ndani na hayatoki tena. Mafuta ya nyama yanataka maji moto. Damu inataka maji baridi na subira, maana maji moto huipika ndani ya uzi. Halafu kuna kuanika. Nguo mbichi usiitandaze chini wala kichakani, maana kuna nzi anayetaga mayai kwenye unyevu, na mayai hayo yakikutana na ngozi ya mtu yanakuwa funza ndani ya nyama. Ndiyo maana pasi ni lazima, tena kwenye mishono, kiunoni, hata soksi. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya uvivu nikaacha chupi bila pasi. Bwana akaota majipu kiunoni, kila jipu na mdudu wake, akanizaba kofi mbele ya wapagazi wote. Kofi lile nililistahili, ingawa mkono ulionipiga siupendi mpaka leo. Tangu siku hiyo hakuna uzi uliopita mikononi mwangu bila moto, nami nikawa na majivuno. Nayataja majivuno hayo mapema, kwa sababu ndiyo yaliyofanya kazi baadaye.

Mwaka ninaousimulia, mfuatiliaji wa nyayo alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Kazi hiyo nilimtafutia mimi. Dada hakuitaka. Siku ya kuondoka alitusindikiza hadi njia panda, akanishika mkono mimi, si mumewe.

"Mudogo wangu," aliniambia, "ni we ulimuitia hii kazi. Mi nakupatia ye muzima. Umurudishe."

"Ntamurudisha, dada."

Nilijibu haraka haraka, huku nikiangalia kama kamba ya beseni imefungwa vizuri.

Shemeji alikuwa Mbembe wa ukoo wa wawindaji, na kwao mwindaji akiingia porini hafui nguo yake mpaka arudi nyumbani. Anaoga, tena sana, lakini kwa maji matupu. Shati lake alilitundika juu ya moshi, akalisugua kwa majani ya porini na mavi makavu ya mbogo, ili mnyama asinuse mtu. Alikuwa na shati moja tu, la kaki, na sabuni haikuwahi kuligusa safarini. Jioni alikaa peke yake, upande upepo unakoelekea, ili harufu yake isitukere. Hakuwa mchafu. Alikuwa mtu wa adabu kuliko sisi sote.

Lakini wapagazi wana midomo. Wiki ya tatu walinianza. Mmoja akasema kwa sauti, nikiwa nakunja mashati ya bwana: "We fundi, uko nafula ya muzungu tu. Shemeki yako ananuka sawa zizi, na we unanyamaza."

Wakacheka. Bwana naye akaziba pua siku moja shemeji alipomkaribia kumwonyesha nyayo, na hilo ndilo lililoniuma. Niliona aibu. Nikajiambia kwamba ndugu yangu anadharauliwa na dawa ninayo mimi.

Basi adhuhuri moja shemeji alioga mtoni, akajilaza kivulini na kitambaa kiunoni, akashikwa na usingizi. Shati lake lilikuwa juu ya jiwe. Nikalichukua. Nilimaliza karibu nusu mche wa sabuni, ile yenye harufu nzuri ya bwana. Maji yalitoka meusi, kisha ya kahawia, kisha meupe. Nikalianika juani, nikalipiga pasi hadi kola ikasimama, nikalikunja, nikaliweka kando ya kichwa chake. Nasema kweli: nilikuwa na furaha. Nilingoja aamke kama mtu aliyeleta zawadi.

Aliamka, akalishika, akalinusa. Hakupaza sauti.

"Shemeki," alisema, "nani alikutuma?"

"Hakuna. Mi mwenyewe. Angalia namna iko safi."

"Kesho mi ntavaa nini?"

Akalipeleka kwenye moshi, akakaa nalo hadi jua likashuka. Moshi wa saa chache haukuondoa kitu. Niliisikia harufu ya sabuni nikiwa mbali, na bado sikwenda kwa bwana kumwomba siku mbili za kulifukiza. Bwana angeuliza kwa nini, nami ningelazimika kusema nimefanya nini.

Asubuhi, kabla ya kutoka, shemeji alisimama kifua wazi. Alitaka kwenda hivyo hivyo. Wapagazi walikuwa wanatazama. Ningenyamaza, mambo yangekwisha. Badala yake nikacheka, nikasema wasikie wote: "Mwanaume muzima, unaogopa sabuni?"

Wakaangua kicheko. Shemeji akalivaa shati, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Alipendeza, Mungu anisamehe. Alipendeza sana.

Saa nne hivi tulisikia risasi moja, kisha kimya, kisha mbili za haraka. Nilikuwa mtoni na soksi za bwana. Aliyetangulia kufika ni mbeba maji, anakimbia, hana maji wala kibuyu. Alitueleza kwamba bwana amejeruhi dume la mbogo, likaingia kwenye matete, na shemeji akalifuata kama ilivyo kazi yake. Upepo ukageuka ukamtoka mgongoni. Dume lilimngoja ndani, halikutoa sauti.

Walimleta juu ya turubai. Alikuwa angali anapumua. Ubavu wa kushoto ulikuwa umefunguka. Niliinama nimwite, na kabla ya damu, kabla ya kitu chochote, niliisikia sabuni yangu. Alikuwa bado ananukia vizuri. Midomo yake ilitikisika, nikaweka sikio, lakini hapakuwa na neno, ni pumzi tu. Jua lilipokuwa katikati akakata roho.

Mpishi wetu, mtu mzima aliyeona mawindo mengi, aliniambia kwamba mbogo mwenye jeraha hahitaji sabuni ili aue mtu. Bwana alisema ni upepo. Labda ni kweli. Nimeyarudia maneno yao maisha yangu yote, na hayajanisaidia. Aliyekuwa anajua kazi ile alisema shati halifai, na mimi nikamcheka mpaka akalivaa.

Fizi ilikuwa mwendo wa siku mbili na nusu, na joto lile halikumruhusu. Tulimzika juu kidogo ya kambi, tukapanga mawe. Wengine walilia. Mimi sikuweza. Nilichukua beseni.

Nilifua shati lile siku nzima. Maji baridi, tena baridi, nikibadilisha kila yalipobadilika rangi. Nikalifua turubai. Nikafua mkanda wake, kile kitambaa alichojifunga akioga, mfuko wake wa tumbaku, blanketi lake. Hakuna aliyeniagiza. Mahali pembe ilipopita nilishona kwa uzi wa bwana, mshono mdogo mdogo, usingeuona. Kisha nikawasha makaa nikapiga pasi kila kitu, hata mkanda. Hiyo ndiyo kazi niliyoijua. Nilitaka dada asione damu.

Nilifika Baraka jua likiwa limeanza kushuka. Habari zilikuwa zimenitangulia. Wanawake walikuwa wamejaa uani, dada ameketi katikati yao kwenye mkeka, nywele wazi, amekwisha kulia. Watu wakanipisha. Nikapiga magoti, nikamwekea kifurushi mapajani.

Alikifungua polepole. Alilitoa shati, akalikunjua, akalipeleka usoni kwa mikono miwili. Alivuta pumzi ndefu. Akaligeuza, akanusa kwapani. Akanusa kola, ndani, mahali shingo inapokaa. Wanawake wakamwacha. Aliliweka chini, akachukua blanketi, akalinusa. Akachukua kitambaa. Akachukua mfuko wa tumbaku, akautia mkono ndani, akanusa vidole vyake.

"Ulifula," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Vyote?"

"Vyote."

Alilishika lile shati tena, akapapasa mshono wangu kwa kidole. Aliuona mara moja.

"Nilikuambia umurudishe," alisema. "Haukuniachia hata jasho yake."

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama kuna kitu kingine kilichobaki kambini, hata kidogo, hata kitambara, ambacho sikukifua. Nikafikiri sana, kitu kimoja kimoja. Nikamwambia hakuna.