Waliambiwa Wasitoke

Kwetu magharibi mtu akifiwa hulia kwa sauti, na kilio chake hujibiwa. Unaanza wewe mwenye uchungu, unamwita marehemu na yale aliyokutendea, na kabla pumzi haijakuishia, jirani wa ng'ambo ya shamba amekwisha kukupokea, na wa ng'ambo ya mto amempokea yeye. Hakuna anayesimama kuuliza kuna nini. Watu hulia kwanza, wakaulizana wakiwa njiani. Nilidhani dunia nzima iko hivyo, mpaka nilipofiwa na mama nikiwa mjini, mtaa wa Jericho.

Ilikuwa miaka ya sabini. Tulikaa nyumba za kaunsili, zile za laini, ukuta wako ndio ukuta wa jirani, ukikohoa anakuambia pole. Mume wangu alifanya kazi kiwandani, zamu ya mchana wiki moja, ya usiku wiki nyingine. Mimi nilikuwa nimejifungua binti yetu wa kwanza, kitovu chake kimedondoka juzijuzi tu.

Habari ililetwa Jumapili asubuhi na mtu wa kwetu aliyekaa Makadara. Alisimama mlangoni, kofia ameishika kwa mikono miwili, na nikajua kabla hajafungua kinywa. Baada ya muda mfupi chumba kilijaa watu wa nyumbani. Walizungumza habari za basi, nani aende, nani aombewe ruhusa kazini. Hakuna aliyelia. Sikuwalaumu, maana nilielewa kwamba kilio chao walikuwa wanakitunza mpaka wafike kwenye boma la mama, mahali pake. Kuhusu mimi hapakuwa na mjadala. Mtoto mchanga hapelekwi matangani, na mume wangu, kama mkwe, hangeweza kukosa. Wakaomba, wakabeba mifuko, wakaenda. Niliwasindikiza hadi mwisho wa laini nikiwa na mtoto kifuani, nikarudi ndani nikakuta vikombe vya chai vimeachwa nusunusu.

Hapo ndipo kilio kilipokuja. Nilimweka mtoto kitandani, nikashika kichwa kwa mikono miwili, nikalia jinsi mama alivyonifundisha kwa kulia mwenyewe alipofiwa na mama yake.

Sikufika mbali. Milango ilifunguka laini nzima kwa kishindo. Wanaume waliokuwa wakisikiliza mpira redioni wakatoka mbio na rungu, mmoja na panga, mwingine taulo kiunoni na povu la sabuni masikioni. Katika mitaa yetu mwanamke akipiga kelele za namna ile, maana yake ni moja tu. "Ako wapi? Amepitia wapi?" waliuliza, na wawili walikuwa wamekwisha zunguka nyuma ya choo kumzibia mwizi njia.

Ningesema, "Nimefiwa na mama." Maneno matatu tu. Lakini nilitazama zile rungu, nikatazama yule wa taulo, nikasikia aibu imenipanda mpaka kwenye nywele. Nikasema ni panya.

"Mathe, panya ndio unapigia nduru hivyo?" kijana mmoja alisema, na wakacheka wote. Nami nikacheka. Nilicheka vizuri kabisa, nikawashukuru, nikafunga mlango.

Kile kilio hakikurudi. Nilikaa kitandani nikikingoja, kisha nikakitafuta. Nilimkumbuka mama akipepeta wimbi, nikakumbuka jinsi alivyonisindikiza stendi nilipoolewa, na macho yakabaki makavu. Badala yake kitu kilikaa hapa, chini ya koo na juu ya matiti, kigumu, kama nimemeza kiazi kizima. Nilipumua nusu. Mabega yalipanda karibu na masikio yakakataa kushuka.

Kisha maziwa yakakauka.

Sijui kama mwanamume anaweza kuelewa jambo hili likisemwa. Mtoto anavuta, anavuta, anaachia ziwa, anakutazama, kisha analia. Si kilio cha hasira, ni kile chembamba cha mtu aliyeanza kukata tamaa. Mume wangu aliporudi alikuta mashavu ya binti yake yameingia ndani. Alileta mifupa ya supu. Alileta njugu. Nilikunywa uji wa wimbi mpaka nikawa nauota. Tulijaribu maziwa ya kopo, yakamtapisha. Mume wangu alikuwa mtu mwema lakini alikuwa amekwisha lia kule kwetu, pamoja na watu, siku nzima. Alirudi mwepesi. Mimi nilikaa naye meza moja nikamwonea wivu, na wivu wa kumwonea mtu msiba wa mama yako mwenyewe ni upweke ambao sikujua upo.

Kliniki nesi alimpima mtoto, akatikisa kichwa. Akanipima mimi, akasema sina ugonjwa. "Ni mawazo, mama. Punguza mawazo."

"Nipunguze na kisu gani?" nilimuuliza. Alikasirika. Leo najua alikuwa amesema kweli, ila aliisema kama mtu anayekuambia punguza chumvi.

Mlango wa pili kutoka kwetu alikaa mama mmoja mjane kutoka Murang'a. Alikuwa akiuza sukuma wiki sokoni asubuhi, alasiri yuko nyumbani. Watoto wote wa laini walimwita Cucu, yaani nyanya kwa lugha yake, na sisi wakubwa tukafuata. Hatukuwa marafiki. Nilimwona mkali, naye nadhani aliniona mwenye majivuno. Siku moja alinikuta bombani nimesimama, maji yanamwagika nje ya ndoo, sina habari. Alifunga bomba. Akaniwekea kiganja hapa, kwenye kile kiazi, bila kuniomba ruhusa.

"Ile siku ya panya," akasema, "haikuwa panya."

Nikainama kushika ndoo.

"Nani alikufa?"

"Mama."

Hakusema pole. Aliniambia, "Leta blanketi. Zote."

Wanaojua mitaa yetu wanajua blanketi la sufi halifuliwi kwa mikono. Unalitia kwenye karai kubwa la bati na sabuni, unapanda ndani, unakanyaga. Lile karai lake lilitutosha wawili. Alimlaza mtoto juu ya shuka kizingitini kwake, akakunja sketi, akapanda, akanivuta. Tukashikana mabega uso kwa uso, tukaanza.

"Mguu ukishuka, toa pumzi. Yote. Usiweke akiba."

Niliona ujinga mtupu. Mtoto wangu anafifia, mimi nacheza ngoma kwenye povu na mwanamke asiyenipenda. Lakini maji yalikuwa ya uvuguvugu, na mikono yake ilikuwa mizito, kila hatua ikinisukuma mabega chini kidogo. Baadaye nilisikia nyayo zangu. Ni ajabu kulisema, lakini tangu Jumapili ile nilikuwa nimesahau kama nina nyayo. Tulipotoka nilipiga mwayo mrefu hadi taya likalia, na nikalala usingizi wa mchana mtoto akiwa ubavuni.

Kesho yake alibisha hodi na blanketi zake mwenyewe, safi kabisa. Siku iliyofuata aliazima za jirani. Watu walidhani tumeanza biashara ya dobi. Pumzi ilizidi kushuka, ikafika tumboni, na alasiri moja kilio kikapanda. Nilikisikia kinakuja, nikafungua mdomo, na papo hapo macho yangu yakakimbilia milango. Koo likajifunga. Nilishikwa na kikohozi mpaka nikakaa kwenye saruji, miguu ndani ya karai.

Cucu alitazama nilikokuwa natazama. Akaitazama milango yote, mmoja baada ya mwingine.

"Ni hao?"

"Watatoka na rungu," nikasema. "Kwetu watu wakitoka, wanatoka kulia. Hapa wanatoka kupiga."

Aliguna tu. Jumamosi, wanaume waliporudi kutoka kazi ya nusu siku, nilimwona anapita mlango hadi mlango, kanga kichwani, mkono umeshika kiuno. Nilimsikia kwa yule kijana wa nduru: "Leo huyu mama wa mtoto atalia. Mama yake alikufa. Hakuna mwizi. Hiyo rungu ukae nayo ndani. Nikiona mtu nje, atanijua."

Kijana akasema, "Sawa, Cucu. Pole yake."

Nilitaka kujificha. Laini nzima imeambiwa kwamba nitalia, na kama sitalia? Lakini redio zilikuwa zinazimwa, moja, nyingine, na milango inafungwa polepole. Kina mama waliokuwa bombani wakabeba ndoo zao wakaingia. Tukapanda kwenye karai. Mtoto alikuwa kwenye kizingiti, analia kile kilio chembamba.

Tulikanyaga kwa muda mrefu. Kisha nikasikia sauti, na ilikuwa yangu. Nilimwita mama. Nilimwambia wamemzika bila mimi. Nilimwambia mjukuu wake ana paji la uso lake na hakumwona, na sasa anakufa kwa njaa mikononi mwangu. Kwa lugha ya kwetu, kwa sauti yote niliyokuwa nayo, mpaka pumzi ikaisha.

Halafu nikangoja. Sikukusudia. Mwili wenyewe ulingoja, kama ulivyofundishwa, mtu apokee. Milango ilikuwa imefungwa. Nyuma ya milango najua walikuwepo, wanasikia, wengine pengine wanalia, lakini walikuwa wameambiwa wasitoke na walitii. Sijawahi kujiona peke yangu namna ile. Nilihisi kilio kinaanza kurudi chini, kinatafuta mahali pake pa zamani.

Cucu akanipokea.

Watu wake, wale wa kanisa lake hasa, hawalii hivyo. Huimba, huomba, hujikaza. Hakujua maneno wala jinsi ya kupanda na kushuka. Alitoa sauti mbovu, kavu, iliyopasuka katikati, sauti ya kitu kilichofungiwa siku nyingi, na macho yake hayakuwa yananitazama mimi. Nikaanza tena, akapokea tena. Tukalia hivyo, vidole vyake vimezama kwenye mabega yangu, miguu haijaacha kukanyaga. Mbele ya gauni langu kukawa na joto. Nilidhani ni maji ya karai yamerukia, nikaangalia, na kumbe ni maziwa, yanashuka yenyewe, yanalowesha mpaka kiunoni.

Nilimnyonyesha mtoto nimekaa kwenye saruji, miguu ina povu. Alikohoa kwa wingi wa maziwa. Cucu alikaa kando yangu akakamua blanketi. Nilimuuliza yeye alikuwa akimlilia nani.

"Wakati wa emajensi ya wakoloni," akasema, "ulikuwa ukilia, askari wanauliza unalilia nani." Akakunja blanketi. "Basi hukuwa unalia."

Sikumwuliza tena, siku hiyo wala nyingine. Tulibaki majirani. Alinigombeza kwa chumvi na kwa namna ya kumfunga mtoto mgongoni, mpaka mwanawe alipomchukua wakakae mtaa wa Mowlem.

Alifariki miaka ya themanini ikielekea kwisha. Nilienda kumzika kwao, milimani, kwenye udongo mwekundu na mvua nyepesi. Waliimba vizuri sana. Jeneza liliposhuka nikasikia pumzi inapanda, na mama mmoja wa kanisa akanigusa kiwiko kwa upole. "Jikaze, mama," akaninong'oneza. Nilijikaza. Hakukuwa na aliyelia pale, na mimi nilikuwa mgeni.

Nilirudi Jericho na kile kiazi changu nakifahamu vizuri, kimekaa pale pale. Jumamosi alasiri nilijaza karai nikatia blanketi. Binti yangu, aliyekuwa msichana mrefu sasa, alikuwa mlangoni anasuka nywele za mwenzake. Hadithi ya karai aliijua, maana ndiyo hadithi ya yeye kuwa hai. Aliniona nakunja sketi. Akaacha nywele nusu, akaenda mlango wa kwanza, kisha wa pili. Majirani wengi walikuwa wapya, hawakumjua Cucu.

"Ni mathe tu," nilimsikia anawaambia. "Anamlilia shosho wetu, Cucu. Hakuna mwizi. Msitoke."

Alifanya kila kitu sawasawa. Redio zikazimwa. Milango ikafungwa. Yeye mwenyewe akamshika mwenzake mkono wakaingia ndani, akarudisha mlango polepole ili nisisumbuke.

Nilikanyaga mpaka pumzi ikashuka tumboni. Nikamwita Cucu, nikamwambia yote, sauti ikaenda laini nzima hadi mwisho. Kisha nikanyamaza, mikono hewani pale mabega yake yalipokuwa, nikangoja kupokewa.